Mahali Mkono Usipofika

Paukwa!

— Pakawa!

Chungu!

— Cha maji!

Kiti!

— Cha mgeni!

Na mgeni?

— Hajafika!

Hajafika, basi tumsubiri. Sogeeni. Wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, hapa si uwanjani. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana hadithi hii ina mahali pa kimya, na mtu akinikoholea pale nitapotea, na nikipotea huwa nachomeka fisi asiyehusika ili nipate muda wa kukumbuka.

Zamani za kale, zamani kabla hapajawa na zamani, hapakuwa na kitu. Kulikuwa na maji tu. Maji mbele, maji nyuma, maji kila upande, na giza limelala juu yake. Kisha likachomoza ua moja la yungiyungi. Ua likafunguka. Ndani ya ua kaketi mtu. Nasema mtu kwa kukosa neno. Alikuwa mungu. Wahindi, ambao habari hizi ni zao na mimi nimeazima tu, wanamwita Brahma, muumbaji.

Shina la ua lile lilitoka kitovuni mwa Vishnu, mungu mlinzi, aliyekuwa amelala chini kabisa ya maji. Lakini aliyelala utaongea naye nini?

Brahma akatazama mbele. Hapana mtu.

Akatazama kulia. Alivyotamani kuona, ukamwota uso upande wa kulia. Hapana mtu.

Akatazama kushoto. Ukamwota uso upande wa kushoto. Hapana mtu.

Akatazama nyuma. Ukamwota uso wa nne, hapa, pale ambapo mimi na wewe tuna kisogo. Nako pia hapana mtu.

Ndiyo sababu ana nyuso nne, jamani. Wenye elimu watakuambia ni kwa ajili ya vitabu vyao vinne vitakatifu, kila kinywa kinakariri kitabu chake bila kupumzika, na hilo ni kweli. Lakini mimi nawaambia zilianza kuota kwa kutafuta mtu. Na mwenye nyuso nne hana kisogo. Hawezi kumgeuzia mtu kisogo hata akiudhiwa vipi. Hilo liwekeni akilini, nitalirudia.

Basi akaumba. Akaumba nchi kavu apate pa kuweka miguu. Akaumba ndege apate sauti. Akaumba watu apate wenzake. Na watu hao aliwaumba kwa huruma nyingi mno. Alisema, "Mimi nilikuwa na haja ya mtu, nikateseka. Hawa wasiwe na haja na yeyote." Akawapa mikono mirefu, laini, inayopinda kila upande. Mtu wa siku zile alijiosha mgongo mwenyewe mpaka katikati. Alijisuka nywele mwenyewe, alijifunga fundo la nyuma mwenyewe, alijitoa mwiba popote ulipomchoma. Mikono ilifika kila mahali.

Watu wakajitazama, wakaona hawakupungukiwa na kitu. Wakamwambia muumbaji, "Ahsante, Babu." Wakamgeuzia kisogo, kila mmoja akaenda kwake, akafunga mlango.

Msiwalaumu. Fundi akikujengea nyumba mnakuwa naye mwaka mzima. Unamjua anapenda chai ya rangi au ya maziwa. Unamjua mpaka kikohozi. Nyumba ikiisha, siku ya karamu ya kuhamia, nani anamtumia fundi mwaliko? Utamkumbuka siku paa likivuja. Ndivyo alivyofanywa Brahma. Mlinzi wanamwomba awalinde. Mungu mharibifu wanamwomba asiwaharibu. Muumbaji wamwombe nini, na wameshaumbwa?

Mimi nchi ile nimeitembea. Nimepanda treni, nimepanda basi, nimepanda na ngamia mmoja aliyenidharau waziwazi. Nimeona nyumba za ibada za miungu yao huku na huko, zimepakwa rangi, zimejaa kengele na maua na akina mama wanaosukumana. Za Brahma? Hesabu kwa vidole, na vidole vingine vitabaki vya kushikia kikombe. Hata mkewe, Saraswati, mwenye elimu na zeze, ana wanafunzi dunia nzima, anaitwa kila mahali, mtu wa shughuli yule. Mzee anabaki juu ya ua lake na mikono yake minne: mmoja umeshika chungu cha maji, mmoja shanga za kusalia, mmoja kitabu, mmoja ua. Na siku yake moja, jioni mpaka asubuhi ukiiweka kando, yaani mchana wake tu, ni zama elfu moja za kwetu. Hebu mtu mpweke aniambie hapa mchana wa namna hiyo una urefu gani.

Haya. Tunafika kwa mtu wetu.

Katika mji mmoja wa nchi ile, wenye ziwa dogo na mchanga mwingi, aliishi mwanamke mfinyanzi, jina lake Jamku. Mumewe, Bhikho, alikuwa amekufa. Mtoto hakupata. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja: hapa gurudumu la kufinyangia, pale jiko, na katikati vyungu vinakauka.

Sasa sikilizeni desturi ya kule, maana humo ndimo hadithi ilimonasa. Mpishi hali kwanza. Ale kwanza mwenye nyumba, au mgeni, au mungu wa nyumbani awekewe sahani yake, ndipo mpishi naye anyooshe mkono. Bhikho alipokuwa hai, Jamku alipika mkate wa mtama, Bhikho akala, akasema "Chumvi imezidi," kisha Jamku akala. Chumvi haikuzidi hata siku moja. Ilikuwa njia yake ya kusema ahsante.

Alipokufa Bhikho, Jamku alipika mkate, akaketi, akautazama. Mkate ukapoa. Akapika kesho yake, akaketi, akautazama. Mkate ukapoa. Si kwamba hakuwa na njaa. Mkono ulikataa kutangulia, mpaka usiku njaa iusukume umege kipande kilichokwisha kupoa.

Utasema: kwa nini asiite jirani? Jirani alikuwepo, Dhanki, ukuta mmoja tu kati yao, tena usiofika paa. Lakini siku zile nani aligonga mlango wa mtu? Ugonge, ufunguliwe, useme umefuata nini? Dhanki alimjua Jamku kwa mlio wa gurudumu. Jamku alimjua Dhanki kwa mlio wa jiwe la kusagia. Miaka na miaka wakaishi hivyo, mlio kwa mlio.

Siku moja Jamku akasema, "Sisi wafinyanzi tunamwita Brahma babu yetu, kwa kuwa yeye naye kazi yake ni udongo. Nitamfinyanga Babu, nimwekee sahani. Akishatangulia yeye, nami nitakula."

Akafinyanga. Uso wa mbele ukatoka, mzuri, mpole. Uso wa kulia ukatoka. Uso wa kushoto ukatoka. Uso wa nne ukampa taabu, maana hakuwahi kuuona. Kila sanamu ya Brahma kule huegemezwa ukutani. Unaona nyuso tatu, ule wa nne unatazama chokaa. Jamku akafikiri. Mwishowe akaupa sura ya mtu anayejua kwamba hakuna anayemtazama.

Dhanki akachungulia juu ya ukuta. Kuchungulia kulikuwepo hata enzi zile.

"Dada Jamku, umefinyanga nini, kabichi?"

"Babu yetu Brahma."

"Yule aliyemaliza kazi?"

"Huyo huyo."

"Weye nawe! Ungefinyanga mleta mvua, ungepata mvua. Ungefinyanga wa bahati, ungepata bahati. Huyu mzee ameshatoa vyote, atakupa nini?"

"Sitaki anipe, dada. Nataka ale."

"Na mbona umemsimamisha katikati ya nyumba kama nguzo? Mungu anaegemezwa ukutani!"

"Udongo mbichi ukiegemea ukuta unakauka upande mmoja, unapasuka. Lazima upate hewa pande zote."

Dhanki akacheka mpaka akashika mbavu zake mwenyewe, mikono ikazunguka mpaka mgongoni, akaenda zake.

Jamku akapika. Sahani akaiweka mbele ya sanamu, na yeye akaketi nyuma yake, karibu na gurudumu, maana nafasi ilikuwa huko tu. Akajikuta ametazamana na uso wa nne. "Karibu, Babu," akasema. Kimya. Akangoja mvuke uishe, kisha akala. Siku ya pili, "Karibu, Babu." Kimya. Akangoja, akala. Siku ya tatu, "Karibu, Babu."

Kule juu kabisa, juu ya ua lake, Brahma akashtuka. Uso wake wa nne, ambao tangu dunia iwe haujaona ila kuta, ulikuwa unaona mwanamke anatafuna mkate.

Akaita bata wake, yule bata maji mkubwa mweupe anayempanda, akashuka. Jua la alasiri, saa za watu kufunga milango na kukaa kimya. Mlango wa Jamku ukajaa mzee. Nyuso nne, ndevu nne, na zote nne zimejaa vumbi la njiani.

"Jamku, binti wa udongo!" Vinywa vyote vinne kwa pamoja, vyungu vitatu vikapasuka kwa mshindo. "Umenitumikia kwa moyo. Omba utakalo."

Maana hiyo ndiyo sheria yake: anayemshikilia kwa moyo humjia, na akija hawezi kukataa ombi. Yalikwisha kumpata mengi kwa sheria hiyo. Majitu yalimwabudu kwa kusimama kwa mguu mmoja mpaka vichuguu vikaota juu yao, akashuka, yakaomba nguvu za kutisha, akatoa, yakamgeuzia kisogo yakaenda kusumbua miungu wenzake. Akalaumiwa yeye. Na sheria ina upande wa pili: akishashuka, haondoki mpaka aombwe.

Mwingine angeomba palepale. Jamku akajifunika kichwa vizuri, akainama.

"Shikamoo, Babu."

Brahma akasita. Majitu hayakuwahi kumwamkia. "Marahaba, mjukuu wangu. Omba."

"Una njaa?"

"Sina njaa. Njaa niliiumba mimi."

"Basi hujaionja. Keti."

Mzee akatafuta pa kuketi. Jamku akaisogeza sanamu, mzee mwenyewe akaketi pale pale pa sanamu, katikati ya nyumba. Akapewa mkate. Ili aushike ikabidi atue vitu. Akatua chungu cha maji. Akatua shanga. Akatua kitabu. Akatua ua. Bata naye akawekewa bakuli la maziwa, na bata yule ana kipaji chake: akinywa maziwa yenye maji, hunywa maziwa na kuacha maji. Alipoinua shingo, bakulini yamebaki maji nusu nzima.

Jamku akaona haya. "Sikujua kama nitapata wageni."

Brahma akacheka kwa nyuso tatu. Wa nne ulikuwa unatafuna. Na vinywa vile, ambavyo havijaacha kukariri tangu mwanzo, vikanyamaza kwa kuwa vimejaa mkate. Nyumba ikawa kimya kile cha watu wanaokula pamoja. Mnakijua kimya hicho? Mimi nimekula peke yangu katika nyumba za wageni za nchi saba, meza yangu imetazama ukuta. Nakijua kwa kukikosa.

Alipomaliza akasema, "Omba."

"Kesho, Babu. Leo sijafikiri."

Uso wa mbele ukakunja kipaji. Uso wa nne ukasema kwa sauti ndogo, "Chumvi imezidi."

Jamku akageukia jiko, akachochea moto usiohitaji kuchochewa.

Siku ya pili alimkuta Brahma anajisugua kwenye nguzo ya nyumba kama ng'ombe.

"Babu, vipi?"

"Kuna mahali mgongoni panawasha."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Mikono yangu haijawahi kuwa mitupu nikaweza kujikuna."

"Leo ni mitupu. Jikune."

Akajaribu. Mkono wa kwanza ukapita juu ya bega, haukufika. Wa pili ukapita chini ya kwapa, haukufika. Wa tatu na wa nne ikashikana yenyewe kwa yenyewe huko nyuma, ikabidi Jamku aifungue.

"Ajabu! Watu umewapa mikono inayofika popote, na wewe mwenyewe huna?"

"Nilipokuwa naota ndani ya ua, hakuwepo wa kunichukua vipimo."

Jamku akachukua kile kipande cha kibuyu anacholainishia vyungu, akaketi nyuma yake, akamkuna. Katikati kabisa, kati ya mabega. "Hapo," kikasema kinywa cha kulia. "Juu kidogo," kikasema cha kushoto. "Hapo hapo, usihame," kikasema cha mbele. Uso wa nne haukusema kitu, ulikuwa karibu naye mno. Ulimtazama tu, macho yakaanza kulegea. Mzee akapiga miayo.

Na palepale upande wa magharibi wa mbingu ukafifia, kuku wakarudi bandani mchana kweupe, maana Brahma akilala dunia yote inarudi kuwa maji.

Jamku akampiga kofi dogo begani. "Babu, usilale! Nina vyungu tanuuni."

Wakacheka wote. Jamku hakumbuki mara ya mwisho alicheka na mtu lini. Naye Brahma hakumbuki kabisa, kwa sababu haikuwahi kuwepo.

"Omba," akasema, lakini aliisema polepole.

"Kesho, Babu."

"Kesho," akakubali haraka sana.

Sasa hapa ndipo niliposema pana kimya. Mnaona hata fisi sikumleta.

Asubuhi ya siku ya tatu Jamku alikaa kwenye gurudumu, akaweka udongo, akauzungusha. Udongo haukupanda. Ukalala chini ya viganja vyake kama kitu kilichochoka. Akaenda ziwani: vitumba vya yungiyungi vimefumba, havifunguki. Akaenda bandani: kuku wake kalalia mayai, siku zimepita, hakuna kilichodonoa ganda. Akarudi nyumbani. Pale sakafuni, kando ya ukuta, chungu cha maji kimetuliwa, shanga zimetuliwa, kitabu kimetuliwa, ua limetuliwa. Na mzee kaketi katikati, mikono minne mitupu, anangoja mkate.

Aliona, wasikilizaji wangu. Aliona na akaelewa: muumbaji akiweka vitu chini, hakiumbiki kitu. Aliona, na akaenda kukanda unga. Wewe ungesema? Baada ya miaka yote ile ya mkate kupoa, mtu kaketi kwako anangoja mkate wako, wewe ungesema?

Mchana wa siku ya tatu, mlango ukagongwa.

Jamku hakujua ni nini. Hakuwahi kuusikia mlio ule. Akafungua. Dhanki, kitambaa kimemwanguka kichwani.

"Dada Jamku. Mke wa mwanangu, Vejli. Uchungu umemshika tangu jana asubuhi. Mtoto hatoki."

"Mmemkanda?"

"Tumemkanda, tumemtembeza, tumemwimbia. Haji mbele wala harudi nyuma. Nguvu zinamwisha." Dhanki akanyoosha mikono yake mirefu, akaitazama. "Mikono yangu inafika popote, dada. Pale haifiki. Sijui hata kwa nini nimegonga kwako. Wewe utaweza nini? Nimejikuta tu nimegonga."

"Rudi kwake," Jamku akasema. "Mshike mkono. Nakuja."

Akafunga mlango, akageuka. Brahma alikuwa amesikia. Uso wa mbele ulitazama sakafu. Nyuso za kulia na kushoto zilitazama kuta. Lakini mwenye nyuso nne hana pa kujificha, uso mmoja lazima ukutane nawe.

"Babu," Jamku akasema. "Ni kwa sababu yetu."

"Najua."

"Mimi nilijua tangu asubuhi."

"Mimi nilijua tangu juzi," akasema muumbaji wa dunia, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

 Upande wa pili wa ukuta Vejli akalia, kilio cha mtu asiye na nguvu za kulia.

"Naomba sasa," Jamku akasema.

"Omba. Lakini omba kitu kikubwa, angalau nisiende bure. Nikurudishie ujana?"

"Nilikuwa nao, Babu. Magoti tu ndiyo nayakumbuka."

"Nikupe watoto kumi?"

"Wakue, wafunge milango yao kumi?"

"Nikurudishie Bhikho?"

Hapo Jamku aligeuka. Alitazama jiko. "Bhikho alikufa kifo kigumu," akasema. "Nisimwite akakirudie mara ya pili ili mimi nile."

"Basi sema wewe."

Jamku akakichukua kile kipande cha kibuyu, akamwekea kiganjani.

"Hapa nilipokukuna, katikati ya mgongo. Mpe kila mtu mahali hapo, uliyemuumba na utakayemuumba, mimi na Dhanki na huyo aliye njiani. Pawashe. Na mkono wake usipafikie."

Nyuso nne zote zikamgeukia, jambo ambalo sijui liliwezekanaje.

"Hiyo ni kasoro, mjukuu wangu! Mimi niwaharibu watu wangu? Wewe mwenyewe chungu chenye kasoro unakivunja!"

"Babu, kila chungu nakitoboa kwa juu kabla hakijakauka. Nikikiacha bila tundu hakina kasoro hata moja, ni mviringo mzima. Lakini hakitiwi maji, na hakuna atakayekiinua. Wewe ulituumba bila tundu."

Brahma akafumba macho manane. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Nilidhani nawafanyia wema," akasema.

"Ulitufanyia. Ulitupenda kabla hujatuzoea."

Hakuweza kukataa, hiyo ndiyo sheria yake. Akasema, "Na iwe." Kisha hakuinuka. Jamku ndiye aliyeinama akaokota chungu cha maji, akamshikisha. Akaokota shanga, akamshikisha. Akaokota kitabu, akamshikisha. Ua akalipangusa vumbi kwanza, akamshikisha. Mikono minne ikajaa. Akampa na mkate wa njiani, lakini hapakuwa na mkono wa kuupokea, akauweka chini ya bawa la bata.

"Babu," akasema, "mgongo wako nani ataukuna?"

 Akapanda bata, akapaa.

Na sasa lile nililowaambia mliweke akilini. Bhikho alipokufa, alibebwa akiwa amefunikwa uso. Waliombeba, walipomaliza kazi yao, walimgeuzia Jamku kisogo wakaenda. Kila aliyewahi kuondoka, kitu cha mwisho Jamku alichoona ni uso uliofunikwa au kisogo. Lakini Brahma hana kisogo. Alikwenda mbali, akawa mdogo kama njiwa, akawa mdogo kama punje ya mtama, na muda wote ule uso wa nne ulikuwa unamtazama.

Kisha mji mzima ukasema "Aah!" kwa pamoja. Mikono ilikuwa imefupika.

Na upande wa pili wa ukuta mtoto akalia.

Jamku akakimbia. Akamkuta Vejli hai, amelowa jasho, na mtoto wa kike mikononi mwa Dhanki, mwekundu kwa hasira. Akanyonyeshwa, akalia. Akabembelezwa, akalia. Akaimbiwa, akalia zaidi. Na hapo simlaumu, nimesikia walivyoimba. Jamku akamchukua, akamlaza begani, akampapasa mgongoni, katikati kabisa. Mtoto akacheua kama mzee aliyeshiba biriani, akanyamaza.

"Umejuaje?" Dhanki akauliza.

"Wote wanawashwa hapo."

Dhanki akaanza kujipindapinda. Akapeleka mkono juu ya bega, haukufika. Akapeleka chini, haukufika. "Dada Jamku," akasema kwa aibu, kama mtu anayetamka neno la lugha ngeni, "hebu... hebu nikune hapa."

Jamku akamkuna. Halafu akageuka, akampa Dhanki mgongo wake.

Jioni hiyo Dhanki alivuka kwa mara ya kwanza, akaketi, akala mkate wa mtama. Kisha Jamku akala. Ikawa hivyo siku nyingi, na milango ya mji ule ikachakaa kwa kugongwa.

Lakini msidhani upweke uliisha kabisa. Kila siku kabla ya kupakua, Jamku aliirudisha ile sanamu katikati ya nyumba, akakaa nyuma yake, akasugua mgongo wa udongo kwa kipande cha kibuyu. Dhanki hakumuuliza. Alipokufa Jamku, sanamu ilikutwa na kishimo laini katikati ya mgongo, kinachoenea kidole gumba. Juu ya kishimo, uso wa nne. Wanasema ulikuwa haufanani tena na mtu anayejua kwamba hakuna anayemtazama.

Naye Brahma yuko juu ya ua lake, mikono imejaa, anaumba. Mgongo unawasha. Kumaliza kazi haruhusiwi, kulala bado. Ila saa za kula, vinywa vitatu vinakariri, kimoja kinanyamaza.

Mimi katika safari zangu nilinunua mkono wa mti, mrefu, wenye vidole vilivyochongwa, wa kujikunia. Muuzaji aliniapia kwamba sitahitaji mtu tena. Ninao mpaka leo. Unafika vizuri kabisa. Unafika palepale. Na haukuni.

Ndiyo maana nazunguka nawasimulia. Haya, mwenye kiti akisogeze. Hadithi nimeitua hapa, anayepita aiokote.

Chungu!

— Cha maji!

Kiti!

— Cha mgeni!

Na mgeni?

— Kafika!

Kala?

— Kala!

Kaenda?

— Kaenda!

Akitazama wapi?

— Huku!